Kwizi ya makelele Njiro: maswali makali, tatizo ni spika

Wanangu wa Chuga (Arusha yetu) mmenijazia inbox mnaulizia ile kwizi ya Alhamisi kwenye baa ya bustani upande wa Njiro, jina siandiki maana kuna mambo nitayasema hapa na mwenye baa ni mtu wa kusalimiana naye, wanaozunguka mji mshaijua. Jibu fupi ni nendeni. Jibu refu ni nendeni ila mle kabla ya kutoka nyumbani, mchague meza kwa akili, na msibishane na emsii kwa sababu yule hashindwi hata akikosea.

Utaratibu wenyewe ni rahisi tu, kiingilio elfu tano kwa kichwa, timu mwisho watu sita, raundi tano, simu zote mnaziweka kwenye kikapu katikati ya meza (nitarudi kwenye hilo), na kila mwezi wanakuja na mada moja. Mwezi huu mada ilikuwa makelele. Sio kelele za jenereta wala honi za daladala, ni zile zinazotoka kwenye koo la kiumbe hai, na kila raundi wameipa jina la kelele yake: Mngurumo, Yowe, Kigelegele, Mluzi, na ya mwisho wameiita Hoihoi ambayo ni mchanganyiko wa kila kitu. Aliyetunga maswali simjui ila yule mtu amekaa chini akasoma, hajaokota okota vitu vya mtandaoni dakika ya mwisho kama zile kwizi zingine za mjini ambazo kila wiki unaulizwa mlima mrefu Afrika ni upi, jamani, tuko Arusha, tunauona kukiwa hakuna mawingu.

Raundi ya Mngurumo ilikuwa zawadi ya wazi kwa magaidi, ndo tunavyowaita waongoza watalii. Mji huu kila baa ina meza ya magaidi wa safari, hasa msimu ukiwa umelala kama sasa, na kwenye wanyama hao jamaa huwagusi. Swali la kwanza mteremko: mngurumo wa simba unasikika mpaka umbali gani? Kilomita 8, usiku ukiwa umetulia, yaani simba angekuwa ananguruma pale Mnara wa Saa sisi huku Njiro tungemsikia tukiwa tumekaa na vinywaji vyetu. Swali la pili ndo lilitenganisha watu, kwamba simba anawezaje kutoa sauti nzito hivyo, inayofika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 114 ukiwa karibu yake? Meza nyingi ziliandika kifua kikubwa, mapafu, hasira. Jibu ni kwamba mikunjo ya sauti kwenye koo lake haina umbo la pembetatu kama ya wanyama wengi, imekaa kimraba, bapa, na ndani ina mafuta, kwa hiyo inatetemeka kirahisi bila kusukuma pumzi nyingi. Utafiti wa hiyo kitu ulitoka 2011. Meza ya magaidi hata wao walikwama hapo, wakapata pointi yao kwenye duma, kwamba duma pamoja na mbio zake zote hawezi kunguruma, anakoroma kama paka wa nyumbani na akiita wenzake anatoa kamlio ka ndege.

Afu likaja swali ambalo mimi nalipa maksi zote. Ukilala karibu na Hifadhi ya Arusha, pale Ngurdoto, alfajiri kabla hakujapambazuka unasikia mngurumo mzito unatoka msituni, ni wa nani? Nusu ya baa wakaandika simba. Simba wapi, hifadhi ile inajulikana kwa kutokuwa na simba! Ni mbega, wale weusi wenye manyoya meupe marefu, dume mmoja anaanza, wa bonde la pili anajibu, mpaka mlima wote unaitikia. Watu wamezaliwa Usa River, wamesoma hapo hapo, na hawajui. Hilo ndo swali la kwizi sasa, linakufundisha kitu kilichopo nyuma ya nyumba yako.

La mwisho la raundi hiyo walicheza sauti kwenye spika. Inaanza pole pole kama mlango wenye kutu unafunguliwa, inapanda, inapanda, mpaka inakuwa mayowe ya mtu anayekabwa. Baa ilinyamaza. Meza moja wakaandika fisi, wengine mtoto, na kuna bi mkubwa mmoja alisema kwa sauti kabisa kwamba hiyo kitu haina haja ya kuandikwa, iombewe. Kumbe ni perere, kamnyama ka usiku kanakokaa juu ya miti kwenye misitu ya Meru na Kilimanjaro, saizi ya sungura tu, na ndugu yake wa karibu kwa ukoo ni tembo. Waliowahi kulala kambi za msituni Kilimanjaro wanaijua hiyo, wageni wengi usiku wa kwanza hawalali.

Yowe ndo raundi ndefu na ndo yenye vituko. Walianza na rekodi za dunia. Yowe kubwa kuliko yote lililopimwa kwa mtu mmoja ni desibeli 129, Jill Drake wa Uingereza, Oktoba 2000, na kwa upande wa kupaza neno rekodi ni ya Annalisa Flanagan wa Ireland ya Kaskazini, 1994, desibeli 121.7, na neno alilolipaza lilikuwa la kuamuru watu wanyamaze. Emsii akauliza hawa wawili kazi zao zinafanana wapi. Meza ya walimu, kulikuwa na walimu kama watano wa primari wamekaa karibu na kaunta, walisimama kabla hajamaliza swali. Darasani! Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi na mwingine ni msaidizi wa mwalimu. Walimu wakashangilia utadhani mshahara umepanda, na mmoja akasema hao Wazungu wana bahati wamewekwa kwenye kitabu cha rekodi, yeye ana watoto zaidi ya mia darasa moja na hakuna aliyemletea kipimo.

Kuna swali la watoto wachanga nalo lilikuwa tamu. Watafiti wa Ujerumani 2009 walirekodi vilio vya watoto wa siku chache tu, wa Kifaransa na wa Kijerumani, wakakuta wa Kifaransa vilio vyao vinapanda kuelekea mwisho na wa Kijerumani vinaanza juu vinashuka, kufuata mdundo wa lugha waliyokuwa wanaisikia tumboni kwa mama. Meza yetu tulipata hilo kwa kubahatisha. Dada wa meza ya jirani akauliza sasa wa Kichaga wanaliaje, emsii akasema wa Kichaga analia akiona hela inatoka, watu wakacheka, Wachaga wenyewe walicheka zaidi.

Lingine ni kwa nini yowe linakushtua hata ukiwa usingizini wakati mtu akiongea kwa sauti kubwa unaendelea kulala. Kuna utafiti wa 2015, unaonyesha yowe sio ukubwa tu, ni ule mkwaruzo, sauti inapanda na kushuka kwa kasi ya mara 30 mpaka 150 kwa sekunde, mazungumzo ya kawaida hayafiki huko hata karibu, na ubongo wako mkwaruzo huo unaupeleka moja kwa moja kwenye sehemu ya hofu. Alamu za magari nazo zimo kwenye mkwaruzo huo huo ndo maana zinaudhi.

Sasa hapo emsii akapata wazo la kijinga. Akasema pointi ya bonasi kwa timu itakayotoa mtu wa kupiga yowe kubwa, atapima na app ya simu. Kwanza maiki za simu zetu hizi zinagota mapema, ukizidi kiwango fulani zinasoma namba ile ile, kwa hiyo kipimo chenyewe ni cha kuchezea. Pili, jamani, tuko Arusha, saa tatu na nusu usiku, mtaa una nyumba za watu. Yowe kwetu sio burudani, likipigwa gizani maana yake tokeni. Akasimama dada mmoja mwembamba wa meza ya walimu, mpole hivi ungemuona usingemdhania, akavuta pumzi, akaliachia. Mimi nywele zilisimama. Haijapita dakika mbili geti likafunguliwa, bodaboda wote wa kijiwe cha pale nje wameingia, mmoja kashika kofia ngumu kama silaha, nyuma yao walinzi wawili wa Kimasai wa nyumba za jirani na rungu mkononi, "Mwizi yuko wapi?" Na sisi tumekaa na karatasi zetu na kalamu. Emsii akaanza kujieleza kwenye maiki, mzee mmoja mlinzi akamwambia taratibu tu, "Kijana, siku likipigwa la kweli hatutakuja." Wakanunuliwa soda wakaondoka. Mwenye baa kama unasoma hapa, hicho kipengele ondoa, au zungukia majirani mchana uwaambie.

Halafu likaja swali la mchoro, ambalo mpaka leo nimelishikilia. Mchoro wa Yowe wa Edvard Munch, yule wa Norwei, aliuchora 1893, wengi mnaujua hata kama hamjui jina, mtu kasimama darajani mikono mashavuni, mdomo wazi, anga jekundu nyuma yake. Swali: kwenye mchoro ule ni nani anapiga yowe? Meza yetu tukaandika ni maumbile, yaani dunia yenyewe. Na tulikuwa sahihi kwa sababu Munch mwenyewe aliandika kwamba alikuwa anatembea jioni jua linazama, anga likageuka jekundu kama damu, akahisi yowe kubwa lisiloisha linapita kwenye maumbile, na yule mtu darajani ameziba masikio ili asilisikie. Emsii akatoa jibu lake, ni yule mtu wa katikati. Tukapinga, tukaeleza vizuri kwa adabu, jamaa akatuonyesha karatasi, "Karatasi imesema." Pointi mbili zimeondoka hivyo hivyo, na tulikosa nafasi ya pili kwa pointi moja, nyie fanyeni hesabu. Angalau nyongeza za swali hilo zilikuwa nzuri, kwamba matoleo ya mchoro huo yameibiwa mara mbili, 1994 na 2004, yote yakapatikana baadaye, na toleo moja liliuzwa mnada 2012 kwa karibu dola milioni 120.

Kigelegele walikipitisha haraka na hapo waliniudhi, maana hiyo ndo raundi ambayo ukumbi wote ungeshiriki bila kuitia bodaboda presha. Maswali yalikuwa matatu tu. Mojawapo taja nchi nje ya Afrika na nje ya Uarabuni ambako wanawake wanapiga vigelegele harusini, jibu India, upande wa Bengal. Nilitegemea wangeuliza jinsi kinavyotengenezwa, ile sauti ya juu inakatwa katwa na ulimi, maana kulikuwa na mama mmoja wa meza ya kamati ya harusi (walikuja kufanya kikao wakaishia kulipa kiingilio) ambaye alipiga kimoja kirefu, bila kuvuta pumzi, mpaka muhudumu akasimama na trei. Huyo mama alistahili pointi kumi. Akapewa makofi.

Mluzi ilikuwa fupi nayo ila ya kisiwa cha La Gomera, kwenye visiwa vya Kanari vya Hispania, niliipenda. Watu wa kule wanazungumza kwa mluzi kutoka bonde hadi bonde, sentensi nzima, sio tu kuitana, na inafundishwa shuleni, UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2009. Jamaa wa timu yetu akasema wachunga mbuzi wa Monduli wanafanya hivyo miaka yote, sikubaliani naye, kuita mbuzi ni tofauti na kumwambia jirani yako njoo kesho na jembe, ila tulibishana mpaka raundi ikapita.

Hoihoi sasa. Mashabiki wa mpira waling'ara na ile rekodi ya kelele za uwanjani, desibeli 142.2, mashabiki wa Kansas City Chiefs kule Marekani, Septemba 2014, na papo hapo ukazuka mjadala kwamba kipimo kingeletwa kwa Mkapa siku ya dabi hiyo rekodi ingeanguka kipindi cha kwanza. Inawezekana. Ndege mwenye sauti kubwa kuliko wote naye alikuwepo, yuko misitu ya Amazoni, mweupe, ana kamnyororo ka nyama kananing'inia mdomoni, ana robo kilo hivi na sauti yake ilipimwa desibeli 125, matokeo yalitoka 2019. Kinachochekesha ni kwamba ule mlio wake mkubwa kabisa anaupiga jike akiwa amekaa pembeni yake, anamgeukia anampigia usoni. Akina dada walipiga meza kwa kicheko, wakamgeukia emsii na maiki yake.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa nyangumi. Swali, kiumbe gani ana sauti kubwa kuliko wote duniani, karatasi ikasema nyangumi wa bluu, desibeli 188. Kijana mmoja wa chuo akanyoosha mkono, akasema kuna nyangumi mwingine, yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba, anatoa mlio wa kudonoa unaofika 230 na kitu. Mwenzake wa meza hiyo hiyo akamkatalia, ule mlio hautoki kooni, unatengenezwa puani, na mada yetu ni sauti za koo. Afu kijana akaleta jambo ambalo emsii alipaswa kulisema mwanzo, kwamba desibeli za majini na za hewani hazilinganishwi hivi hivi, inabidi utoe kama 62 ndo zikae mizani moja. Fanya hesabu hiyo, nyangumi wa bluu mwenye tani zaidi ya mia anabaki na 126, yaani karibu sawa na yule ndege wa robo kilo. Mimi hapo nilisahau hata bia. Emsii akasema nini? Karatasi imesema.

Na lile swali la Krakatoa waliloliweka mwisho silikubali. Ni kweli ule mlima wa Indonesia ulilipuka 1883 na mlio ukasikika mpaka kisiwa cha Rodrigues, kama kilomita 4,800, hilo halina ubishi. Lakini mlima hauna koo. Kama mada ni kelele za viumbe basi ni za viumbe.

Upande wa huduma nitaenda chap. Nyama choma nzuri, mbuzi laini, kachumbari ya kutosha, ila ukiagiza raundi ya kwanza inakuja raundi ya nne. Mtori uliletwa wa baridi, nikaurudisha, ukarudi wa moto na msamaha, fresh. Wahudumu wanapita kuchukua oda katikati ya swali, unauliza "umesemaje emsii" huku dada anakuuliza ndizi au ugali. Vyoo visafi. Bili inakuja sahihi, lipa namba ipo.

Tatizo kubwa ni spika. Wameziweka mbili kubwa kwenye kona zinaangalia meza za katikati, na kila raundi ikiisha anapiga muziki wa kuua ili eti watu wachangamke, wakati huo ndo muda wa timu kujadili majibu. Tulikuwa tunaandikiana kwenye tishu. Meza zingine wametoa simu kwenye kikapu wanachatiana WhatsApp, na ukishamruhusu mtu ashike simu ili awasiliane na aliyekaa mbele yake umesharuhusu na Google, hata emsii aliona akaacha. Nikachukua ile ile app yao nikapima tukiwa tumekaa, desibeli 97. Hata kama inakosea kidogo, wataalamu wa masikio wanasema 85 unaweza kukaa nayo masaa nane, na kila ikiongezeka 3 muda unagawanywa nusu, kwa hiyo 97 ni nusu saa. Sisi tulikaa masaa matatu. NEMC (baraza la mazingira) wakipita pale siku hiyo na kipimo chao cha kweli, kwizi itahamia sebuleni kwa mtu.

Zawadi ya mshindi ni mguu wa mbuzi na kreti, magaidi wamebeba kama kawaida yao, wa pili ni walimu. Mwezi ujao mada ni vyakula vya kaskazini na karatasi ya kujiandikisha ipo kaunta, timu mwisho sita na sisi tuko watano. Tunatafuta mtu mmoja anayejua mbege, kiburu na loshoro kwa undani, sio wa kula tu, wa kueleza vinavyopikwa, na awe na uvumilivu na emsii. Anayejiweza aje inbox kabla ya Jumatano.